Klachi Ilivyoteleza Siku ya Umuganda

Pikipiki ya Nshuti ilikuwa inalia kama mbuzi wa kuchinjwa, na haiendi. Ndiyo habari yenyewe hiyo. Anapindua mkono wa mafuta, injini inapiga yowe mpaka kuku wa watu wanakimbia, lakini gurudumu la nyuma linajikokota kama mtu anayekwenda kudaiwa.

Nshuti ni motari, mbeba abiria kwa pikipiki, na leo mgongoni hakubeba abiria wa mchezo. Alimbeba Immy, veterineri, yaani daktari wa mifugo, binti aliyekulia Uganda, chuo amemaliza juzi tu, kisanduku cha dawa amekikumbatia kama mtoto. Walikuwa wanapanda Mudende kwa mama yake Nshuti, mama Nyirahabimana, ambaye alipiga simu asubuhi sauti imemkauka: Gaju amekwama kuzaa.

Sasa Gaju, bwana, si ng'ombe wa hivi hivi. Ni ng'ombe wa kupewa, na ukipewa ng'ombe namna ile, ndama jike wa kwanza si wako. Unampa jirani anayefuata, na yeye wake anampa mwingine, hivyo hivyo. Anayefuata ni mzee Nzabonimpa. Ameshajenga banda, ameshapanda majani, kila jioni anakuja kuliangalia tumbo la Gaju kama ndiye aliyelitia mimba. Kwa hiyo Gaju akifa, zinalala njaa nyumba mbili.

Nshuti alimwambia mama yake, "Usihangaike, veterineri nitamleta mimi mwenyewe." Nani mwingine angemleta? Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, umuganda. Mpaka kazi ya pamoja iishe hakuna gari wala moto, yaani pikipiki, inayotembea, maduka yamefungwa, watu wote wako nje na majembe. Nshuti alipitishwa tu kwa sababu ya Immy na kisanduku chake.

"Nshuti," Immy akamwambia sikioni, "hii kitu yako inapiga kelele tu."

"Ni mlima, dokta. Itazoea."

"Mlima gani? Hapa ni mwinuko mdogo tu."

Kwenye kona ya mikaratusi ikagoma kabisa. Gia imeingia, injini inaunguruma, na pikipiki inarudi nyuma taratibu kama inaaga. Immy akaruka chini. Nshuti akakamata breki, jasho linamtoka ndani ya kofia.

Hapo kwenye kona watu wa umuganda walikuwa wanachimba mtaro. Majembe yakasimama.

"Motari, leo unapanda kinyumenyume?"

"Iko na choka, muipe chai."

"Ibebe mugongoni," akasema mama mmoja, Murekatete, ameegemea jembe lake. "Yenyewe imekubeba siku ngapi?"

Wakacheka. Nshuti hakucheka. Aliangalia mle mtaroni akamwona Ildephonse, fundi wa moto wa kule mjini, tope mpaka magotini, akamwita kama mtu anayezama.

Ildephonse akaja akifuta mikono kwenye suruali. "Bon. Inalia, haiendi?"

"Ndiyo."

"Njo klachi inateleza. Ona huu mukono wake. Lazima ucheze kidogo mbele ya kushika. Wako umekaza kama kamba ya kuanika nguo. Klachi haijifungi yote."

Nshuti akashusha pumzi. Waya tu. Akatoa spana chini ya kiti, Ildephonse akalegeza waya, mkono ukacheza. Immy akapanda tena. Wakaenda kidogo tu, Nshuti ameshaanza kumshukuru Mungu, kelele ikarudi ile ile. Wakashuka. Wakarudi wakiisukuma, na safari hii hakuna aliyewatania.

Simu ikalia. Mama.

"Mguu mumoja umetoka," akasema mama Nyirahabimana. "Mumoja tu. Nzabonimpa anasema tuvute."

Immy akanyakua simu. "Mama, msivute. Tafadhali. Mguu wa pili umekunjika huko ndani. Nikifika naunyoosha, ndama anatoka. Ni kazi ndogo. Msivute tu." Akamrudishia Nshuti simu. "Ni kazi ndogo, lakini mkono wangu lazima uwe kule. Twende kwa miguu."

Hapo, hapo hasa, ndipo Nshuti alipokosea. Motari hajawahi kumfikisha abiria kwa miguu. Akasema, "Ngoja kidogo, dokta. Fundi ameshaujua ugonjwa. Kwa miguu ni mbali, hii ikipona tunaruka." Na Immy, mgeni wa ile milima, akamwamini, akakaa juu ya jiwe.

Ildephonse akalaza sikio kwenye injini. Akalegeza waya zaidi, akakaza, akalegeza. "Basi springi zimechoka. Ao disiki zimeisha."

"Disiki mpya. Si wewe uliyenifungia?"

"Kweli." Akakuna kichwa. Akafungua kifuniko cha oili, akachovya kidole, akakisugua kwenye kidole gumba, akanusa. "Hii oili umeitoa wapi?"

Nshuti, hata pale alipokuwa, akavimba kidogo. "Hiyo si ya dukani kwetu. Nilipewa na Muhamadi, kaka ya mke wangu, anaendesha magari ya wakubwa Goma. Oili ya voiture, ya magari, ile ya bei kali. Jana jioni nimemwaga ya zamani yote nikaweka hiyo. Nilitaka moto inywe kitu kizuri."

Ildephonse akapangusa kidole kwenye majani. Akapangusa tena, na kilikuwa kimeshatakata.

"Nshuti ndugu yangu," akasema polepole, "ni muzuri kwa voiture. Klachi ya voiture inakaa kikavu, iko na nyumba yake. Ya moto inaogelea mule mule ndani ya oili. Hii iko na dawa ya kutelezesha. Ni kama umezipaka disiki sabuni."

Mjini kwenye tambarare haikuonyesha kitu. Ilingoja mlima.

"Basi tumwage," Nshuti akasema.

"Tumwage, tutie nini? Maduka yamefungwa. Na hata tukiipata, disiki zimeshakunywa. Ni kufungua, kuosha, kukausha."

Halafu mzee mmoja akasema, kwa nia njema kabisa, kwamba bila abiria labda ingepanda. Ildephonse akakubali: mtu mmoja, gia ya kwanza, polepole, ingefika.

"Dokta, unajua kuendesha?" Nshuti akauliza.

"Sijui."

Yaani pikipiki ingeweza kumfikisha Nshuti peke yake. Yeye, ambaye kwa ng'ombe anajua kukamua tu.

Akamwachia Ildephonse ufunguo, akachukua kisanduku, wakaanza kupanda. Wakakata njia kwenye mashamba ya viazi, udongo mweusi unawavua viatu. Immy hakulalamika, na hilo lilimuumiza Nshuti kuliko kama angetukanwa. Simu ikalia.

"Amelala chini," mama akasema. "Muko wapi?"

"Tumekaribia, mama."

Hawakuwa wamekaribia popote. Akaongeza mwendo. Alipopiga yeye, simu iliita mpaka ikajikata. Akapiga tena, ikaita. Immy akamwambia, "Acha kupiga, tembea."

Huko chini umuganda ukaisha. Ukasikia moto zinawaka moja moja, kama watu wanaamka. Ya kwanza iliwakuta wameshaingia kwenye kinjia cha nyumbani, ua unaonekana. Motari akapiga honi, akauliza kama wanataka kubebwa.

Uani kulikuwa kimya. Gaju alilala ubavu, macho wazi, na mama Nyirahabimana amekaa chini, kichwa cha ng'ombe mapajani. Mzee Nzabonimpa alisimama mbali kidogo, mikono nyuma. Hawakuvuta. Walifanya walivyoambiwa.

Immy akapiga magoti, akamgusa jicho Gaju, akasikiliza kifua, hakukuwa na pigo la moyo. Halafu akavua koti, akaingiza mkono, akafanya kazi yake. Haikuchukua muda. Mguu uliokunjika ukanyooka, ndama akatoka amelegea, hapumui, ameloa, mzuri, mwekundu kama mama yake. Alikuwa jike.

Mzee Nzabonimpa akamwangalia ndama kwa muda mrefu. "Veterineri," akasema, "ungefika mapema, ni kitu hicho tu ungefanya?"

Immy alikuwa bado amepiga magoti. Angeweza kudanganya. "Ndiyo, mzee. Ni hicho tu."

Mzee akaitika kwa kichwa. Akavua koti lake akamfunika ndama, akatoka, hakuelekea kwake ambako banda jipya linangoja, akashika njia ya juu.

Nshuti bado alisimama mlangoni pa ua. Ule mlima wote alikuwa ameupanda na kofia ya pikipiki kichwani, na kioo ameshusha.

"Nshuti," mama yake akasema kwa upole, kama anamwita mezani, "vua basi hiyo kofia, mwanangu. Umeshafika nyumbani."

Hakuivua.