Mgongo wa Namba Saba

Wapo watu wakiitwa kwenye kamati huenda kukaa tu, wanywe chai, watie saini, waondoke. Rula si mtu wa hivyo. Alifundisha uchoraji miaka thelathini na moja, na jina hilo alibandikwa na wanafunzi kwa sababu ya rula ya mbao aliyoitembeza vidoleni mwao. Alipostaafu alikaa nyumbani miaka sita akisubiri mtu amkumbuke. Barua ilipokuja kutoka halmashauri, kwamba awe mmoja wa watu watatu wa kuchagua kazi ya sanaa ya kudumu kwenye ukuta wa ukumbi wa jengo jipya, aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa.

Barua ilikuja na fomu, na fomu ilikuwa na swali moja la maana: je, una ndugu au jamaa aliyeleta kazi? Kama yupo, unajitoa, anaitwa mwingine, mambo yanaendelea. Rula alijua fika kwamba binti yake, mtoto wake wa pekee, anaandaa kazi ya ukuta huohuo. Akaandika: Hapana.

Msikimbilie kusema alitaka kumpendelea. Afadhali ingekuwa hivyo! Binti huyo alianza kufinyanga udongo akiwa na miaka minne, na tangu siku hiyo baba yake anamwambia wimbo mmoja: "Wewe mkono huna, mwanangu. Wenzako wana mkono, wewe una hamu." Aliusema mbele ya wageni, aliusema mbele ya marehemu mama yake, na siku moja aliusema mbele ya mchumba. Kwa hiyo Rula aliamua hivi: kiti hiki siachi, nimekisubiri mno, na mtoto wangu nitamchinja mwenyewe, ili siku ikijulikana, watu waseme huyo ndiye mwadilifu.

Majina ya waamuzi yalifichwa mpaka siku ya matokeo, hivyo binti hakujua lolote. Siku chache kabla ya kupeleka kazi yake alipita nyumbani, vumbi la udongo hadi kwenye nyusi.

"Baba, twende karakana ukaione. Dakika kumi tu, nakurudisha."

"Nitaiona ukutani," Rula akamjibu. "Ukishinda."

Akafungua gazeti. Binti akaaga, akaenda zake.

Kamati ilikutana ghorofa ya pili, chumba kinanuka rangi mbichi, viti bado vimevalishwa nailoni. Kazi saba zilikuwa zimeegemezwa ukutani. Kila msanii alitakiwa kuleta kipande kimoja cha ukubwa kamili na mchoro wa ukuta mzima, bila jina, namba tu. Majina yalikuwa kwenye bahasha zilizofungwa, mbele ya Katibu, dada mmoja mkimya mwenye kalamu mbili.

Mama Mwenyekiti aliipenda namba mbili, mikono miwili inasalimiana na njiwa juu yake. "Hii inaeleweka," alisema. Mhandisi wa jengo aliuliza kila kazi ina uzito gani.

Walipofika namba nne, moyo wa Rula ukampiga pa! Wanawake watatu wa udongo wenye shingo ngumu, na pembeni pambo la majani: majani matatu, nafasi, majani matatu, nafasi. Pambo hilo lilikuwa somo lake yeye. Alimfundisha binti yake kwenye meza ya chakula, na machozi yalimtoka mtoto juu ya karatasi. Huyu hapa, Rula akajiambia, nimekupata. Kwamba somo hilohilo aliwafundisha watoto wa watu kwa miaka thelathini na moja, hilo halikumjia hata kidogo.

"Katibu, andika," akasema. "Neno kwa neno, usipunguze. Aliyefanya hii sihitaji jina lake. Hana mkono, hajawahi kuwa nao, hatakuwa nao. Aliyemzaa alimwambia mapema, hakusikia. Angeolewa tu akapike, angetupunguzia taka. Sufuri."

"Mwalimu, taratibu," Mhandisi akasema. "Si ni kazi ya mtu hii?"

"Nami nafanya yangu."

Na jamani, alijisikia vizuri! Alijisikia mwepesi kama aliyetoka kuoga.

Kisha ikaja namba saba. Mchoro ulionyesha foleni ya watu wa udongo wa kuchoma, ukuta mzima, wote wametupa mgongo, wanasubiri dirishani kama watakavyosubiri watu wa kweli pale ukumbini. Kipande kilicholetwa kilikuwa mtu wa mwisho wa foleni: mzee mwenye koti lililochoka mabegani, mkono mmoja umepita nyuma na kushika kiwiko cha mkono wa pili, kisigino cha kiatu cha kushoto kimelika upande.

Rula alinyanyuka akasogea karibu. Akasimama mbele yake muda mrefu, mkono mmoja nyuma, umeshika kiwiko. Katibu alimtazama yeye, akamtazama mzee wa udongo, akainamia daftari lake. Nyani haoni kundule, na mgongo wa mtu huonwa na wengine.

"Andika na hii," Rula akasema, sauti imelegea. "Miaka yote nimefundisha nikitafuta mkono kama huu. Tazameni haya mabega. Mzee huyu ni mgumu, hana shukrani, na aliyemfinyanga anampenda hivyohivyo. Huyu ametazama mgongo huu miaka mingi sana. Kumi juu ya kumi."

Macho yalikuwa yamemlowa. Mama Mwenyekiti mwenyewe aliachana na njiwa wake. Namba saba ikashinda, wa pili mbali nyuma.

Katibu akafungua bahasha. Akasoma jina la msanii, likafuata jina la baba, lilelile la Mwalimu. Akasoma tena, polepole.

"Mwalimu," Mama Mwenyekiti akasema, "huyu ni nani wako?"

Mhandisi akavuta fomu kutoka kwenye faili, akaweka kidole kwenye lile neno moja. Kanuni ilikuwa fupi: mwamuzi akificha undugu, kazi ya ndugu yake inaondolewa.

"Niondoeni mimi!" Rula akasema. "Futeni alama zangu! Mtoto hajui kitu!"

"Ungejiondoa mwezi uliopita," Mama Mwenyekiti akamjibu, bila hasira. "Mimi nimempa tisa. Mhandisi tisa. Angeshinda bila wewe, Mwalimu. Katibu, andika namba mbili."

Namba nne ilikuwa ya mwanamume mmoja mwenye masharubu, mchora vibao vya maduka, aliyewahi kuchapwa rula darasa la tano.

Muhtasari wa kikao ulibandikwa kwenye ubao wa matangazo, kama desturi, na Katibu hakupunguza hata neno. Rula alikaa ndani siku mbili. Siku ya tatu akaenda karakana, mara yake ya kwanza. Binti alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nakala ya muhtasari magotini. Kile kipande kilikuwa kimesharudishwa, kimesimama nyuma yake.

"Mwanangu, umesoma nilivyosema? Mkono unao. Nimesema mbele ya watu."

"Nimesoma yote." Hakunyanyua uso. "Baba, hii namba nne ulidhani ni ya nani?"

Rula akainama kuokota kipande cha udongo sakafuni.

"Nijibu, Baba."

"Yako."

Binti alikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni. "Kwa hiyo ya taka ndiyo uliniandikia mimi. Hizi sifa ulimpa mtu usiyemjua."

"Lakini mwanangu, si ni wewe huyohuyo..."

"Nenda nyumbani, Baba."

Alisema kwa upole, na Rula hakuwa amejiandaa kwa upole. Akavuta mguu wake wa kushoto hadi mlangoni. Alipogeuka, binti hakuwa akimtazama. Alikuwa ameshika nyundo, amesimama mbele ya yule mzee, anatafuta pa kuanzia.