Viti vya Tarehe Ishirini

Tarehe ishirini ya Oktoba, saa kumi na moja na robo jioni, Evanthia alikuwa uani kwake Perama, mji wa karakana za meli nchini Ugiriki, akikata jibini ya mbuzi vipande saba, kwa kuwa wanachama walikuwa saba. Mumewe Anestis akafungua geti, akakung'uta viatu, akaketi. Alikuwa amekufa tangu Februari. Evanthia akakitafuta kipande kilichokuwa kikubwa kuliko vingine, akakigawa mara mbili.

"Umekonda," akamwambia.

"Nilikonda nikiwa hai. Tangu hapo sijapungua hata kidogo."

Wanachama wakaingia mmoja mmoja, wakampa Anestis mkono, wakampa pole za msiba. Bwana Pandelis, daktari wa meno mstaafu, ndiye aliyekuwa na mada siku hiyo. Alipangusa miwani kwanza.

"Mwalimu," akamwambia Evanthia hatimaye, "mimi sina ugomvi na Anestis. Lakini tuna miaka sita tunasema hapa hapa uani kwamba aliyekufa hayupo popote, kwa hiyo hapana cha kuogopa. Sasa huyu tumweke wapi?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Wao walikuwa Waepikureo, wafuasi wa yule mwalimu wa kale aliyefundisha bustanini, nje kidogo ya kuta za Athene, kwamba vitu vyote ni chembe zinazokutana na kuachana, nasi tu chembe vilevile, na kwamba mkate, maji na rafiki vinamtosha mtu. Evanthia alikianzisha chama mwaka aliostaafu kufundisha kemia. Walikutana kila tarehe ishirini ya mwezi, kama wafuasi wa zamani walivyokuwa wakikutana.

"Mlikuwa sahihi," alisema Anestis. "Siumwi, siogopi, sina hamu ya kitu. Mimi nimekuja kula jibini tu."

"Ladha yake unaisikia?" akauliza Pandelis.

"Siisikii."

"Basi unakula ya nini, bwana wee?"

"Imekatwa na Evanthia."

Pandelis aliandika jambo katika daftari lake, akaendelea na mada.

Anestis alipokuwa hai hakujiunga na chama. Alikuwa akiwamiminia divai na kuwatania. "Mnakesha mkifundishana kutoogopa kifo," alikuwa akisema, "na Pandelis havuki barabara mpaka achungulie mara tatu." Kazi yake ilikuwa karakana ya meli kule chini, miaka thelathini na mmoja, akifunga mabomba ya mvuke kwa vitambaa vya kuzuia joto, yasiunguze watu. Alikohoa miaka minne. Karatasi ya hospitali iliandika mapafu ya mvutaji sigara, na Anestis hakuwahi kuvuta sigara hata siku ya harusi yake, aliposhikishwa moja kwa ajili ya picha.

Watu walipotawanyika, naye alipoondoka, Evanthia aliona kwenye kiti chake vumbi la kijivu jeupe, kiasi cha kujaza kijiko cha chai. Akavaa barakoa, akalikusanya kwa kitambaa kibichi. Mwezi uliofuata lilikuwapo tena. Safari hii alilitia katika chupa, akaenda nalo shuleni alikofundisha, akaomba hadubini. Aliangalia kwa muda mfupi. Zilikuwa nyuzi ndefu, nyembamba, zilizosokotana. Ilikuwa asbesto, ile ya kuzuia joto, inayoharibu mapafu ya anayeivuta. Karakana ilikuwa imeapa kwa maandishi, tena mara mbili, kwamba kitu hicho hakikuwahi kuingia getini kwao.

Alirudi nyumbani kwa miguu, mlima wote ule. Miaka sita mafundisho yalimsaidia, hakuwa na haja ya kudanganya. Siku ya mazishi hakumwogopea Anestis hata kidogo. Alijua kwamba hateseki. Kile ambacho hakikuwa katika mafundisho ni Alhamisi, siku ambayo Anestis alikuwa akirudi na samaki wa bei ya chini na kumwambia kwamba ni wa bei ya juu.

Pirea, mji wa jirani, kuna ofisi ya serikali inayopokea malalamiko ya namna hiyo. Evanthia alikwenda na chupa yake. Karani alikuwa mwanamke mpole, mwenye kucha zilizopakwa vizuri.

"Vumbi hili limetoka wapi, mama?"

"Kwa mume wangu."

"Limechukuliwa lini?"

"Tarehe ishirini Novemba."

"Na yeye alifariki lini?"

"Februari tisa, mwaka huu huu."

Karani akaandika, kisha akaacha kuandika. "Hapo tarehe zinatugombanisha. Kama ni ushahidi wa maiti, ulipaswa uchukuliwe kabla ya kuzika. Kama ni wa mtu anayetembea, mwenyewe aje aweke sahihi."

"Naweza kumleta. Lakini ni tarehe ishirini tu, na jioni."

"Jioni tumefunga," alisema karani kwa masikitiko ya kweli. "Halafu mlalamikaji lazima awe hai siku anayowasilisha. Kanuni ya nane. Pole sana, mama yangu. Hata baba yangu mimi kanuni hiyo ilimkwamisha."

Akamrudishia chupa, imefungwa vizuri katika mfuko wa karatasi.

Desemba Anestis alifika mapema, kabla ya wenzao. Evanthia alimsimulia yote. Anestis alisikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za jirani aliyehama.

"Usijichoshe," akasema.

"Wewe huna hasira?"

"Hasira ni ya walio hai, mke wangu. Mimi nilibaki nayo mpaka ile asubuhi, kisha nikaona sina pa kuiweka."

"Basi niachie mimi."

"Chukua. Lakini kula kwanza."

Akaweka mkono wake juu ya mkono wa Anestis. Ulikuwa na baridi ya kawaida, kama baridi ya benchi la uani asubuhi. Akamuuliza kama hawezi kuja siku nyingine pia, hata Alhamisi moja moja. Anestis akasema hapana, tarehe ishirini tu, na sababu haijui. Evanthia akafikiri kwamba amewafundisha watu wengi kutosheka na kidogo, na kwamba hajawahi kuwaambia jinsi kidogo kinavyouma. Kisha akafikiri kwamba hata hivyo tarehe ishirini ni siku nzuri.

"Kuna jambo," alisema Anestis. "Manolis, yule mchomeleaji, hana pa kwenda. Mkewe amehamia Volos kwa binti yao. Nije naye?"

"Anakula jibini?"

"Anakula chochote."

Manolis alikuja Januari. Februari walikuja wengine watatu, na kufikia Aprili wafu walikuwa kumi na mmoja, wote wa karakana moja, wote na vumbi lao. Evanthia alipanga viti kwa kufuata upepo. Jioni upepo wa Perama hutoka baharini, kwa hiyo walio hai walikaa upande wa bahari na wafu upande wa ukuta, na kila mmoja alikalia taulo lenye maji. Hakuna aliyeona vibaya.

Viti ndivyo vilivyopungua. Pandelis, ambaye alikuwa na pingamizi tangu mwanzo, ndiye aliyejitolea kwenda kuviazima kanisani.

"Waepikureo wanakuja kuazima viti kwa Mungu!" padri alisema, akicheka mpaka ndevu zikatikisika. "Ni vya sherehe gani?"

"Si sherehe, baba. Ni kwa ajili ya marehemu."

"Lakini marehemu ni wetu sisi."

"Tarehe ishirini tu. Siku nyingine zote ni wenu."

Padri akampa viti kumi, pamoja na mtu wa kusaidia kubeba.

Jioni hiyo Pandelis alizungumzia watu wa karne za karibu waliofuata nyayo za bustani ile. Alizungumzia yule Mjerumani aliyeandika tasnifu yake ya chuo kikuu juu ya chembe na namna zinavyokengeuka njia, kisha akaishia kuandika juu ya wafanyakazi. Akamtaja Mmarekani mmoja mkubwa, aliyejiita Mwepikureo katika barua kwa rafiki yake na aliyeandika kwamba kutafuta furaha ni haki ya kila mtu.

Manolis akanyanyua mkono. "Samahani, daktari. Huyo wa furaha. Nani alikuwa akimlimia?"

"Watumwa," alisema Pandelis. "Alikuwa nao mamia."

"Aha," alisema Manolis, na wafu wote wakaitikia kwa kichwa, kama watu waliosikia jina la mtaa wanaoufahamu.

Pandelis alivua miwani. Alikuwa ametoa mada hiyo mara nne maishani, na hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. Hakuendelea. Badala yake alichukua sahani ya zeituni, akavuka ua mpaka upande wa ukuta, akaanza kuwaandalia mmoja mmoja kwa mkono wake. Kila alipofika kwa mtu alimuuliza jina, na miaka aliyofanya kazi, naye akayaandika yote daftarini. Mwisho daftari likawa na majina kumi na moja. Evanthia akayanakili kwa mwandiko mzuri, akayapeleka Pirea kwa posta. Barua ikarudi kabla ya wiki mbili, ikimshukuru, ikimkumbusha kanuni ya nane.

Mei karakana ilipata cheti cha usalama kazini. Walitundika bango kubwa getini, la bluu na nyeupe, lililoonekana mpaka uani kwa Evanthia.

Tarehe ishirini ya mwezi huo, wakati Anestis akiwasimulia wenzake kisa cha nahodha aliyesahau nanga, mtu mwingine alisimama nje ya geti. Alikuwa wa umri wa miaka arobaini hivi, katika ovaroli ya kazi, na mabegani alikuwa na vumbi la kijivu jeupe. Evanthia akamkaribisha, akachukua taulo, akalichovya majini, akamshika mkono kumpeleka upande wa ukuta.

Mkono ulikuwa wa moto.

Akasimama. "Wewe u mzima."

"Ndiyo, mwalimu. Naitwa Iordanis. Nafunga mabomba, pale pale alipokuwa akifanyia bwana Anestis. Ndio kwanza nimetoka kazini." Akageuka pembeni, akakohoa kwa muda, akafuta mdomo. "Nimeanza kukohoa tangu Krismasi. Nina watoto wawili, siwezi kuacha. Kule kazini wanasema huku kwenu watu wanapokelewa vizuri. Nikasema nipite niulize mapema kama, siku ikifika, nafasi itakuwapo."

Upande wa ukuta wafu walisikia. Bila kuambiana kitu walianza kusogeza viti, huyu akimsukuma yule kwa kiwiko, mpaka katikati yao, kando ya Anestis, ikapatikana nafasi ya mtu mmoja.

Evanthia aliitazama nafasi ile. Akamtazama mumewe, naye Anestis akatazama chini. Ndipo akampangusa Iordanis mabega kwa lile taulo, taratibu, kama anavyopanguswa mtoto aliyetoka kucheza, akamzungusha, akamvusha ua mpaka upande wa bahari. Pandelis alikuwa amekwisha kusimama kumpisha kiti chake.

"Kaa huku," alisema Evanthia. "Huku kwanza."

Iordanis akakaa. Alikula mkate, akanywa glasi mbili, akacheka kisa cha nahodha kiliporudiwa kwa ajili yake. Asubuhi saa moja geti la karakana lilifunguliwa, naye akaingia.