Swali la Jumamosi

Shangazi Metrine alikuwa ameshaamua: Truphena akimaliza kidato cha nne, atasomea ualimu Migori, katika chuo kilicho karibu na nyumba yake. Na nani angempinga shangazi? Hata baba hakuthubutu. Truphena alitaka kujifunza kutengeneza injini za boti kule Homa Bay, lakini alikuwa amemwambia baba peke yake.

Siku ya kutembelea chuo, wote watatu waliketi mbele ya mkuu wake. Baba, Mzee Elkana, alisubiri mkuu amalize kueleza ratiba ya wiki, kisha akauliza kwa upole, "Na Jumamosi?"

"Hapa hatulazi damu," mkuu akajigamba. "Jumamosi ni masomo kutwa."

Shangazi, shemasi wa Kisabato, akanyakua mkoba wake. "Siku ya Sabato? Twendeni!"

Nje, Truphena alishusha pumzi kama aliyetua gunia la mahindi. Shangazi alipotangulia langoni akifoka, baba akamnong'oneza, "Niliwapigia simu juzi, nikaambiwa hivyo hivyo."

Truphena akaziba mdomo asicheke kwa sauti.

"Sasa hicho chuo chako cha injini," baba akaendelea, "Sabato wanafunga?"

"Wanafunga, baba. Niliuliza mwaka jana."