Abiria wa Chumba Namba Moja

Kwa miezi minane familia ya fundi saa ilikula chakula imepakata sahani, kwa sababu mezani palikuwa na treni. Haikuwa treni ya kuchezea watoto, na ole wako uiite hivyo mbele yake. Ilikuwa Bi Harusi yenyewe, ile treni ya kifahari ya kulala iliyoacha kusafiri miaka thelathini iliyopita. Sasa, kwa mikono ya fundi, ilizaliwa upya ikiwa na urefu wa hatua moja: kichwa, mabehewa matatu ya rangi ya maziwa, taa ndogo kama punje za mtama, na mapazia ya hariri yaliyokatwa kwenye blauzi ya mkewe bila ruhusa.

Mkewe alishalalamika mpaka akachoka. Alijua wazimu ule umetoka wapi. Mama yake alitandika vitanda ndani ya Bi Harusi kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka kumi na minne ya ndoa yao hakuwahi kumsifia mkwewe kwa lolote. Alimwita "Bwana Fundi", kama mtu aliyekuja kutengeneza kitu akasahau kuondoka. Fundi alitaka neno moja tu jema kutoka kwa mama huyo, na alikuwa tayari kulijengea reli.

Jumapili mchana mama mkwe akaja. Fundi akamvutia kiti, akampa lenzi yake ya kazini, akafunua mapaa ya mabehewa, kisha akasimama mikono nyuma.

Mama mkwe aliangalia muda mrefu.

"Nani katandika hivi?"

Fundi akakiri kuwa ni yeye.

"Abiria wa hapa ataanguka kona ya kwanza tu."

Akavua bangili, akaomba kibano. Shuka, alieleza, huchomekwa upande wa korido, si wa dirishani. Blanketi hukunjwa mara tatu. Mto haulazwi, unasimamishwa. Vitanda vilikuwa kumi na viwili, kila kimoja nusu ya njiti ya kiberiti, na akaanza kuvivuruga kimoja baada ya kingine. Fundi, ambaye hakumruhusu hata mkewe kupangusa vumbi pale, akageuka mshika gundi, na kila alipozubaa aliambiwa treni inakaribia kuondoka. Mkewe alichungulia, akawaona wameinamiana vichwa, akarudi jikoni kucheka.

Kikabaki chumba namba moja, cha wakubwa. Hapo fundi akaiweka gundi chini. Humo alikuwa amemweka abiria pekee wa treni nzima: mwanamke mdogo kama harage, sare ya buluu, kitambaa cheupe kichwani, amekaa dirishani. Wiki nzima alijipongeza kwa wazo lile. Sasa alitamani ardhi immeze.

"Huyu ni mimi," mama mkwe alisema.

"Ndiyo, mama."

"Tulikatazwa kukaa humo. Hata kwenye ukingo wa kitanda. Miaka yote ile, sijakaa."

Fundi akasema hakujua, amsamehe sana. Akachukua kibano. Angemng'oa sasa hivi, alisema, amsimamishe koridoni anakostahili, na aliposikia neno hilo likimtoka akatamani kulimeza.

Mama mkwe akamshika mkono. Macho yalikuwa yamemlowa na hakuyaficha. Akamwambia arudishe mapaa, awashe.

Bi Harusi ikaondoka. Ikazunguka meza mara moja, mara mbili, na kila chumba namba moja kilipopita, mama mkwe alikisindikiza kwa macho mpaka kwenye kona. Hakuna aliyeanguka. Mkewe fundi akaja na sahani, akauliza kama leo angalau watapata meza ya kulia, maana kuna mgeni. Fundi akaharakisha kunyoosha mkono kwenye swichi.

"Usizime, mwanangu," akasema mama mkwe. "Ndiyo kwanza amekaa."

Akapokea sahani yake, akaipakata.