Sale la Bibi wa Langoni

Jumapili baada ya ibada, Nelson alichemsha ndizi chumbani kwake Elerai, akala mwenyewe, akawasha gemu. Langoni mwa ufalme wa mawe alikaa yule bibi mlinzi, anayewaambia wachezaji wote maneno yale yale. Watu walikuwa wanabishana mtandaoni. Wengine walisema ni lugha ya majitu, wengine ni fumbo la upanga uliofichwa.

Nelson hakuona fumbo lolote. Bibi alikuwa mama yake, Penina, waliyemzika kijijini Akheri msimu wa kahawa, na alikuwa anasema Kimeru: "Msafiri, sale liko mpakani, mlangoni halijafika." Hata kikohozi kilikuwa chake.

Akawaandikia wenzake wa kundi la wachezaji mtandaoni kwamba sale ni mmea wa mpaka, na jani lake likifungwa fundo hupelekwa kwa uliyemkosea, kuomba msamaha. Mama alikuwa anamngoja shemeji yake Ephraimu, aliyeng'oa masale ya mpakani akayapanda ndani ya shamba la mama, katikati ya kahawa, ili mpaka usogee. Wakamwambia alete ushahidi, kisha wakamtoa kundini. Haya, asiyejua maana haambiwi maana. Lakini ilimuuma, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa akimuuliza ameamkaje.

Alichotaka ni kimoja tu, mama amwite kwa jina. Kumwita msafiri, kama anavyowaita wote, kulimtesa. Akaona sale likifika mama atamtambua, akapanda Akheri.

Baba mdogo Ephraimu aliitikia shikamoo, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kama shemeji bado anakohoa. Nelson akasema kidogo. Mzee akasema hiyo ni baridi ya kukaa langoni. Akatoka na panga, akaingia kwenye kahawa, akarudi na jani moja la sale, akalifunga fundo.

"Mpelekee. Mwambie yaishe."

"Na mpaka, baba mdogo?"

"Masale yameshashika, mwanangu. Ukiyang'oa tena yatakufa."

Nelson aliliweka jani mbele ya kioo cha kompyuta, na kwenye gemu likawa mkononi mwa bibi. Kundi likatangaza kwamba gemu limeboreshwa. Mama aliligeuzageuza lile jani, akalinusa, akainua macho.

"Nelson," akasema, "hili limekatwa wapi?"

Nelson alijua limekatwa kwenye kahawa ya mama mwenyewe, akashindwa kumwambia. Lango likabaki limefungwa. Mtandaoni wakaanza kubishana upya, na walio wengi wakakubaliana kwamba Nelson ndilo jina la upanga.