Mtoto wa Saba wa Akina Thackwell

Sita walikwisha patikana. Wa saba, Emma, ndiye aliyekuwa akiwasumbua.

Tangu Ummukulthum aanze kazi ya kumtunza Bi Jennifer, nyumba ile ya Harrow, London, ilikuwa na wagonjwa wawili: bibi mwenyewe na miguu yake, na ukoo wake. Baba wa babu yake, Walter Thackwell, alikuwa mmoja wa watoto saba wa fundi cherehani, zama za Malkia Victoria. Bi Jennifer aliwatafuta mmoja mmoja, kanisa kwa kanisa, na kila aliyempata alimtangaza wakati wa chai kama mtu aliyepokea simu kutoka kwao. Josiah alikwenda Australia kuchimba dhahabu akafa maskini. Alfred alikuwa askari; homa ilimmaliza India hata bunduki yake haijalia. Harriet aliwapikia matajiri hadi mgongo ukapinda. Pacha, George na Louisa, walifariki wiki moja, wadogo kabisa. Walter aliendesha treni. Emma alitoka mlangoni akiwa na miaka kumi na saba, baada ya kugombana na baba yake, na hapo ndipo habari zake zilipokatika.

"Basi tena," Bi Jennifer alisema asubuhi moja. "Nimechoka. Jiwe lao la kumbukumbu litachongwa, na yeye atakuwamo. 'Emma, aliyefariki mbali na kwao.'"

Kulthum aliweka kikombe chini. "Bi Jennifer, umejuaje kwamba amefariki?"

Kikongwe alimtazama, akacheka mpaka akakohoa. "Kulthum, mpenzi wangu, alizaliwa mwaka elfu moja mia nane sitini na moja! Unadhani yuko Wembley ananunua viazi?"

Kulthum alicheka pia, kwa adabu. Hesabu aliijua. Lakini neno lile hakulipenda, maana kwao Pemba, kumwita mtu marehemu na hakuna aliyeona maiti wala kaburi ni uchuro. Ni kukivuta kifo kwa ulimi. Na yeye alikuwa na wake. Mdogo wake, Hussam, alimpigia simu kutoka Libya, akasema boti ya kwenda Ulaya inaondoka kesho, kisha akanyamaza miaka minne. Sasa nyumbani walitaka kumsomea hitma, kisomo cha marehemu. Baba yao hayupo. Kulthum ndiye mkubwa, na bila kauli yake hakuna aliyethubutu kutandika jamvi. Kila mara Sundus, mdogo wao wa mwisho, alipopiga simu kuuliza, jibu lilikuwa lile lile: "Ngojeni."

Bi Jennifer alimpa karatasi ya maneno ya jiwe ampelekee Rasik, fundi wa mawe ya makaburi. Njiani Kulthum aliitoa mfukoni akaisoma polepole, akairudisha, akaitoa tena. Alilipita duka la Rasik, akafika mwisho wa barabara, akarudi.

Rasik alikuwa Mhindi wa Kisumu, na Kiswahili chake alikuja nacho London bila kukipiga pasi.

"Karibu dada ya Pemba! Leo sura yako iko kama mimi nachonga jiwe yako."

"Ushindwe, Rasik!"

"Haya, sema. Watu ngapi?"

"Sita."

Rasik alipitisha kidole kwenye karatasi. "Mimi naona saba."

"Huyo wa mwisho mtoe. Haijulikani aliko."

"Mama iko kubali?"

"Amekubali," alisema Kulthum, na ule wepesi wa ulimi ukamtisha mwenyewe.

Wiki zilizofuata hakutulia. Alitia chumvi kwenye chai. Alifua mashuka yaliyokwisha fuliwa. Alijiambia amemwokoa Emma, kisha akajiuliza amemwokoa na nini, akainuka kufuta madirisha.

Siku ya kulisimamisha jiwe alimsukuma Bi Jennifer kwa kiti chake cha magurudumu hadi makaburini, upepo ukiwapiga usoni. Rasik alivuta turubai. Bi Jennifer alisoma majina kwa midomo, akafika mwisho, akaanza tena juu.

"Emma yuko wapi?"

Rasik alimgeukia Kulthum, kisha bibi, akasema kwa Kiingereza chake kilichonyooka. "Mama, si ulikubali atolewe? Dada ndiye aliyeniambia."

"Ni mimi," alisema Kulthum. "Nilimtoa. Kwetu mtu aliyepotea haandikwi pamoja na wafu. Nilitaka... nilitaka asiuawe."

Alidhani atafukuzwa kazi palepale. Bi Jennifer hakupandisha hata sauti.

"Asiuawe? Baba yake alimfungia mlango, Kulthum. Ndugu zake wana watu wa kuwataja, yeye kabaki nje. Miaka yote hii nahangaika nimwingize ndani, na wewe umemfungia tena."

Kulthum likamtoka lililomkaa moyoni. "Mie nina mdogo wangu. Alipanda boti Libya. Nyumbani wanataka kumsomea kama maiti, nami nimekataa."

Rasik aliinama akapangusa sehemu ya chini ya jiwe kwa kiganja. "Nafasi ipo," alisema. "Huwa naacha. Watu hubadilisha mawazo."

"Chonga," alisema Bi Jennifer. "Yote, kama nilivyoandika. Na wewe Kulthum, kama huwezi kutazama, nenda ukatembee."

Akaenda nyuma ya kanisa, akampigia Sundus.

"Da Kulthum? Kuna nini? Si uko kazini?"

"Nijibu kitu. Mama anasemaje kuhusu hitma? Sikuulizeni nyinyi. Yeye."

Upande wa pili palisikika sufuria ikiwekwa chini. "Mama hasemi kitu, dada. Anashinda jikoni. Hajamlilia mwanawe, unajua? Akitokwa na machozi anasingizia moshi. Wewe umesema Hussam yu hai, na kumlilia mtu hai uchuro. Sisi kungoja tunaweza. Yeye amebanwa."

Nyuma ya ukuta patasi ilianza kugonga. Kulthum alidhani miaka minne hii alikuwa amemshikia Hussam mlango usifungwe. Hakuwahi kujiuliza nani amesimama kizingitini muda wote huo, akipigwa na baridi.

"Da Kulthum? Upo?"

"Nipo. Fanyeni Ijumaa."

"Tumtaje marehemu?"

Alisogea, akasimama, akasogea tena.

"Mtajeni mnavyotaka. Mie huku sitamwita hivyo, bado siwezi. Lakini mwambie mama kauli ni yangu, mimi mkubwa. Mwambie alie."

Akalia Sundus kwanza. Kulthum hakukata simu wala hakumnyamazisha. Alilizunguka kanisa, akalizunguka tena, simu sikioni, akimsikiliza.