Waliolala Humu

Siku karani wa sensa alipopiga hodi, Mama Pindo alikuwa anabadilisha kola ya shati la mteja, na alidanganya bila hata kutoa mguu kwenye cherehani. Anayedhani uongo lazima upangwe kwanza hajawahi kuzaa watoto wakaondoka.

Jina la Mama Pindo alipewa na mtaa, kwa sababu pindo lake hata ulivute kwa meno halifumuki. Mumewe alikuwa Fundi Saa, na wakati ule alikuwa kitandani chumba cha ndani, mlango wazi, kama alivyokuwa kila siku tangu kiharusi kimpige upande wa kulia. Mkono uliozoea kushika skrubu ndogo kuliko punje ya mchele ulikuwa umelala juu ya shuka kama mkono wa mtu mwingine. Maneno yake yalikuwa yakitoka vipande vipande. Lakini masikio yaliyokaa miaka yote yakisikiliza saa mbovu yalibaki mazima kabisa. Hilo la masikio Mama Pindo alilisahau siku ile, na ndilo lililomponza.

Karani mwenyewe hakuwa mgeni. Alikuwa mwalimu mstaafu, mvi kichwa kizima, aliyewafundisha watoto wao wote watatu kuhesabu. Serikali ilikuwa imetafuta vijana wa kuifanya kazi hiyo wilaya nzima, ikakosa, ikaishia kwa wastaafu. Alikaa kwenye stuli ya wateja, kishikwambi magotini, miwani puani.

"Nani amelala humu usiku wa kuamkia leo, mama? Waliolala tu. Ambaye hakulala simtaki, hata awe mfalme."

"Mimi na mzee."

Mwalimu akabonyeza. Halafu akasubiri. "Na mwingine?"

Kusubiri huko ndiko kulikomwangusha Mama Pindo. Angeuliza akapita, yangekwisha. Lakini mwalimu alikuwa ameinua macho, anatazama picha iliyokuwa ukutani, watoto watatu wamevaa sare alizozishona mama yao kwa mkono wake. Wa kwanza sasa alikuwa dereva wa malori nje ya nchi, na kila akipiga simu yuko mpakani, haraka haraka, salio linakwisha. Wa kati, binti, alikuwa nchi ya mbali yenye baridi, anauguza wazee. Anawaogesha baba za watu, anawalisha kwa kijiko, kisha anampigia mama yake anaulizia nani anamgeuza baba kitandani, na wote wawili wanaishia kulia. Wa tatu, kitindamimba, aliaga anakwenda kutafuta kazi. Simu yake ikazimwa, na haikuwashwa tena. Watu wakiuliza, Mama Pindo alijibu, "Anahangaika tu na maisha," na kubadili mazungumzo.

Sasa amtoe kwenye hesabu kwa mdomo wake mwenyewe? Aliona ni sawa na kuambiwa atupe udongo wa kwanza kaburini.

Na palikuwa na jambo la pili. Muuguzi wa kituo cha afya alikuwa amemnong'oneza kwamba sensa ikishakamilika, wilaya moja, yao au mojawapo ya zile za jirani, itajengewa wodi ya wazee, yenye mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa kudumu. Mtaalamu pekee aliyekuwapo alikuwa hospitali kubwa, safari ambayo Fundi Saa aliwahi kubebwa akapelekwa na kurudi hoi zaidi ya alivyokwenda. Muuguzi alimpa mpira mdogo wa kuminya, akasema bila ya kuficha kwamba bila mtaalamu mkono ule utakakamaa, na baada ya mkono ni kumeza, na baada ya kumeza ni pumzi. Kwa hiyo wodi ile kwa Mama Pindo haikuwa maendeleo ya wilaya. Ilikuwa uhai wa mume wake.

Mtaani watu walikuwa wameshaamua vipi wodi inapatikana. Bibi Redio, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyepewa jina hilo kwa kuwa habari humfikia kabla haijatokea, alikuwa amepita kila mlango akihubiri: "Jamani msijipunguze! Serikali inaleta huduma penye watu wengi. Tukionekana wachache tumekwisha." Hakuna aliyesimama kujiuliza ni wengi wa aina gani.

"Na wanangu watatu," akasema Mama Pindo. "Walifika na basi la mwisho, wakaondoka alfajiri. Si unajua kazi za siku hizi."

Mwalimu alimtazama juu ya miwani. "Wote watatu?"

"Wote."

"Hata mdogo?"

"Hata mdogo, mwalimu."

Mwalimu akabonyeza mara tatu, taratibu. "Hata wangu walikuja," akasema, macho yake yakiwa kwenye kioo cha kishikwambi. Waliagana kwa adabu nyingi, kama watu waliouziana mbuzi mgonjwa.

Mlango ulipofungwa, sauti ikatoka chumbani.

"Wa... mekuja?"

Mama Pindo akaganda na uzi mdomoni. Alipoingia, mumewe alikuwa amejiinua kwa kiwiko kizima, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu augue, na upande mzima wa uso wake ulikuwa unacheka.

"Walikuja, mzee wangu," akasema. Angesema nini? "Walikukuta umelala. Wakakuchungulia tu hapo mlangoni."

"Mbona... hamku... niamsha?"

"Walikuonea huruma. Watakuja tena."

Machozi yakamtoka mzee, akayaacha yatiririke. Kuanzia siku hiyo Fundi Saa aligoma kulala mchana. Usingizi ukimzidi alijifinya paja kwa mkono mzima, macho mlangoni, asije akakutwa tena amelala kama gunia. Na ule mpira, ambao mwanzoni ulikuwa unakaa dirishani ukishika vumbi, akaudai. Alitaka wanawe wakija awasalimie kwa mkono wa kulia, si wa kushoto kama mtu asiyefunzwa adabu. Asubuhi anaminya, jioni anaminya, jasho linamtoka. Kidole cha shahada kikaanza kukunjika, kikafuata cha kati. Muuguzi alipokuja kumwona akapiga makofi. "Mama, umemfanyaje huyu baba? Akimpata mtaalamu atashika kijiko mwenyewe!"

Mama Pindo alicheka na muuguzi, kisha akaenda uani kulia. Mara nyingi alikusudia kumwambia mumewe ukweli. Kila akifungua mdomo anaona kidole kinakunjika, anaishia kumsifu.

Naye hakuhitaji sensa kumwambia wilaya yake ni ya nani. Aliijua kwa kushona. Zamani kila shule zikikaribia kufunguliwa alishona sare mpaka akaota sugu kwenye kidole gumba. Sasa kazi yake kubwa ilikuwa kupunguza suruali za wazee wanaozidi kusinyaa, na kuhamisha vifungo vya magauni ya wajane. Shule ilikuwa imeunganisha madarasa mpaka mtoto wa miaka saba anakaa dawati moja na wa kumi. Msiba ukitokea, wabebaji wa jeneza waliazimwa wilaya jirani, na walipofika ilibidi waonyeshwe njia ya makaburini. Nyumba tatu kati yao na barabara zilikuwa na kufuli zilizoshika kutu. Mtaa ulikuwa umezeeka wote kwa pamoja, na kila mtu alijifanya ni yeye peke yake.

Matokeo yalipotoka, watu waliitwa ukumbi wa wilaya. Mama Pindo alivaa gauni lake la heshima, akamlaza mumewe upande wa mlango, akamwekea mpira mkononi. "Naenda kusikia habari za wodi," akamwambia. Mzee aliinua kidole, kile cha shahada, kumtakia heri.

Ofisa takwimu alikuwa kijana mpole mwenye tai iliyombana shingo. Alikuwa ametoka mbali kuja kuwasomea, na alifungua maelezo yake bila ya kuutazama ukumbi.

"Ndugu wananchi, mna bahati. Katika kila wakazi kumi wa wilaya hii, saba hawajatimiza miaka thelathini na mitano. Hii, ndugu zangu, ni wilaya ya vijana!"

Akangoja makofi. Akapata kikohozi, na fimbo moja iliyoanguka sakafuni.

"Kwa hiyo," akaendelea, "ile wodi ya wazee iliyokuwa inafikiriwa, imeonekana iende kwa jirani zenu ambao wana uhitaji. Ninyi mmepata chuo cha ufundi kwa vijana, pamoja na uwanja wa mpira wenye taa."

"Atacheza nani?" mzee mmoja kinyozi akanong'ona nyuma ya Mama Pindo. "Labda mimi nidake." Watu wakacheka kicheko cha vifua vibovu, na kicheko kikafa chenyewe.

Hapo ndipo ofisa alipoinua kichwa. Mbele yake palikuwa na vipara, vilemba vya mvi, miwani iliyofungwa kwa uzi, na mikongojo imeegemezwa kwenye viti mstari hadi mstari. Alikunja uso. "Vijana wenyewe wako wapi leo?"

"Wako kazini!" Bibi Redio akajibu haraka, kama mtoto aliyeulizwa nani amevunja kikombe.

Mama Pindo alimtazama mwalimu mstaafu, aliyekuwa anafuta miwani isiyo na uchafu. Alimtazama Bibi Redio, ambaye mwanawe wa pekee alikuwa hajakanyaga mtaani tangu mazishi ya baba yake. Wote. Mlango kwa mlango, wote walikuwa wamewalaza watoto wao usiku ule, kila mmoja akidhani ni wake tu wanaotia chumvi kidogo kwenye chungu kikubwa. Akasimama.

"Kaa chini," Bibi Redio akamvuta gauni. "Utatuaibisha."

"Wangu hawapo," akasema Mama Pindo. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Wangu hawakulala nyumbani. Nilisema wamelala. Nilidanganya. Tuko wawili tu, mimi na mgonjwa wangu, na mgonjwa wangu ndiye anayeitaka hiyo wodi."

Kisha kinyozi nyuma yake akasema, "Na wangu." Mwanamke mmoja karibu na dirisha akainua mkono bila ya kusema kitu. Wengine walitazama viatu vyao. Bibi Redio alianza kulia kwa sauti, "Wangu alilala! Wangu alilala kitandani kwake, nilimtandikia mwenyewe!" na hakuna aliyekuwa na roho ya kumbishia.

Ofisa alilegeza tai. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na kazi yake. "Mama, nimekusikia. Lakini hesabu imeshafungwa na mgao umeshapitishwa. Mtahesabiwa tena baada ya miaka kumi."

"Baada ya miaka kumi mtahesabu makaburi," akasema Mama Pindo, akachukua mkoba wake.

Alirudi nyumbani kwa miguu mizito, akipanga uongo mwingine njia nzima. Aseme wodi imechelewa? Aseme fedha hazijafika? Angepata la kusema, yeye tena! Lakini Bibi Redio alikuwa anatembea nyuma yake na kilio chake, na dirisha la Fundi Saa lilikuwa linatazama njia, na yale masikio yalikuwa mazima. Bora mzee ayasikie kwake yeye.

Mzee alikuwa macho, anamngoja. Kabla mkewe hajavua viatu akamwashiria asogee, atazame. Akafumba mkono wa kulia juu ya mpira, polepole, vidole vyote vitano, mpaka mpira ukajaa kiganjani na mishipa ikamtoka. Hakuwahi kuufikisha hapo. Akamtazama mkewe, akitaka asifiwe.

"Umeweza, mzee wangu," akasema Mama Pindo, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Wodi?"

"Hawatujengei."

"Kwa... nini?"

Akatafuta jibu chumba kizima, kwenye kabati, kwenye zile saa mbovu alizokuwa bado anamfutia vumbi. Halikuwapo jibu ila lile moja.

"Wanasema hapa hakuna wazee. Wanasema nyumba zimejaa vijana. Kwa sababu nilisema watoto wamelala hapa."

Fundi Saa alifikiri. Ilimchukua muda, kama kila kitu siku hizo. "Si... wali... lala?"

Mama Pindo aliushika ule mkono uliofumbwa. "Hawakuja, baba. Usiku ule hakuja mtu. Hawakukuchungulia. Mdogo hata sijui kama yu hai. Nisamehe."

Mzee aliutazama mlango, halafu mkono wake, na vidole vikaachia. Mpira ukadondoka, ukabiringika mpaka chini ya cherehani. Mama Pindo aliinama, akaufuata kwa magoti, akaupangusa kwa gauni lake la heshima na kumrudishia kiganjani. Akamfunga vidole kimoja kimoja, kama anayemvalisha mtoto soksi. Akaviachia. Vikafunguka.

"Jaribu," akamsihi. "Jaribu kwa ajili yangu basi. Mimi nipo."

Fundi Saa aligeuzia uso ukutani. Nje bado kulikuwa mchana kweupe, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya sensa, alifumba macho na kulala.